Mafundo 22 na Nusu

Mjomba alinipa ncha ya kamba ya katani, akaniamuru nisimame juu ya mstari mweupe, katikati kabisa ya barabara ya Dodoma kwenda Kondoa, kisha akaanza kurudi kinyumenyume kuelekea nyumbani kwake huku akihesabu. Kamba hiyo aliitengeneza mwenyewe usiku uliotangulia kwa tepu aliyoazima kwa fundi, akifunga fundo moja kila mita, na nusu mita baada ya fundo la 22 akafunga kipande chekundu cha kanga iliyochakaa. Hatukufika mbali. Basi la Arusha lilitokea kwenye kilima likipiga honi, nikaiachia kamba na kukimbilia pembeni, matairi yakaikanyaga, na Mjomba akanikemea kana kwamba mimi ndiye niliyeliita basi.

Tulipima mara tatu. Mara ya kwanza ukuta wa nyumba uliangukia fundo la 21, mara ya pili la 23. Mara ya tatu ukuta ulisimama pale pale penye kitambaa chekundu, nasi tukatazamana.

Aliyewahi kuishi kando ya barabara kuu hahitaji kuelezwa uzito wa nusu mita hiyo: mita 22.5 kutoka katikati ndipo ilipoishia hifadhi ya zamani ya barabara, yaani ardhi iliyotengwa kwa ajili yake, na ukuta ulio ndani ya mpaka huo huvunjwa bila fidia. Ukutani kuna X iliyopakwa miaka mingi iliyopita, ambayo jua na vumbi vimeigeuza kuwa ya kahawia, na hakuna mtu pale nyumbani anayeweza kuapa kama ilikuwa nyekundu, ya kuvunjiwa bila fidia, au ya kijani, ya kulipwa. Mke wa Mjomba anasema kijani. Mjomba anasema nyekundu, kwa kuwa, kwa maneno yake, kijani hakijawahi kumfuata yeye.

Alipokuwa akiikunja kamba aliniuliza, bila hata kuinua macho: “Mjomba, wewe ndiye uliyesoma. Kati yetu na hii barabara, nani alimkuta mwenzake?”

Nilijibu upesi kwamba barabara ndiyo iliyotukuta.

Jibu hilo limenisumbua kwa wiki sita.

## Njia iliyolipa

Nilianza kwa kutafuta barabara ya kwanza ya Ugogo, nikiamini kwamba nikiipata nitajua pia ni nani aliyekuwapo kabla yake. Kumbe kabla ya lami, kabla ya kifusi na kabla ya greda, kulikuwa na kijia chenye upana wa mtu mmoja na mzigo wake, kilichotoka Bagamoyo, kikapanda hadi Mpwapwa, kikakata nyika isiyo na maji ya Marenga Mkali, kikaingia Ugogo na kuendelea mpaka Tabora na Ujiji. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walikifuata mmoja nyuma ya mwingine, pembe za ndovu zikishuka pwani, na vitambaa, shanga na nyaya za shaba zikipanda bara. Burton na Speke walipita mwaka 1857, Stanley akapita 1871, na Wazungu hao wote walipofika kwetu waliandika malalamiko kuhusu jambo lile lile, yaani hongo.

Leo neno hilo tunalisoma kwenye mabango ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa. Wakati ule lilikuwa ushuru wa wazi, uliotozwa mchana kweupe na watemi wa Ugogo kwa kila msafara uliotaka kupita na kunywa. Nchi hii ni kavu, visima vilikuwa na wenyewe, na njia haikuwa na uwezo wa kuchagua pa kupita, kwa sababu ilitoka kwenye maji ikielekea kwenye maji mengine. Mwenyeji alikaa, mgeni akaja, mgeni akalipa. Sijui ni lini hasa neno liliporomoka kutoka kwenye ushuru wa mtemi hadi kwenye noti iliyokunjwa ndani ya leseni, lakini nimeona vigumu kuamini kwamba liliporomoka lenyewe.

Hapo jibu langu kwa Mjomba lilionekana kuwa sahihi kabisa, na laiti ningeishia hapo ningelala vizuri.

Nitie neno moja kuhusu barabara ya kwanza ya kuchongwa kuja upande wetu, kwa sababu inanifurahisha. Mwaka 1877 mmisionari Alexander Mackay wa CMS, shirika la wamisionari wa Kianglikana, alisimamia ukataji wa njia pana kutoka Saadani hadi Mpwapwa, kwa nia ya kupitisha mikokoteni ya ng'ombe. Wamisionari wa wakati huo walikwisha kuhesabu mizigo, ng'ombe na gharama. Hawakuwa wamewahesabu mbung'o. Ng'ombe walikufa njiani, msitu ukarudi mahali pake, na wapagazi wakaendelea kupita kwenye kijia chao kama kawaida.

## Stesheni kabla ya mji

Reli ya Kati ilianza kujengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Kwa miaka tisa tu, kazi ya wapagazi wa njia ya kati ilikuwa imekwisha, na hongo nayo ilikuwa imekwisha, kwa kuwa garimoshi halinywi kwenye kisima cha mtemi kwa kuomba ruhusa.

Dodoma tunayoiita leo Makao Makuu ilikua kuzunguka stesheni hiyo. Nalisema hili kwa uangalifu, kwa sababu Wagogo walikuwapo hapa kabla ya reli, na simulizi ya tembo aliyedidimia kwenye tope, ambako tunaambiwa jina la mji limetoka, haihitaji stesheni yoyote. Hata hivyo, mji wenye maduka, boma na mitaa uliifuata reli, wala reli haikuufuata mji. Kwa mara ya kwanza katika utafiti wangu, watu ndio walioikuta njia.

Tangu hapo barabara za huku zilihesabiwa kuwa watoto wa reli. Serikali ya Kiingereza ilizitaka zilete mazao stesheni na kurudi, wala haikuona sababu ya kutengeneza barabara nzuri ya kukimbia sambamba na behewa lake yenyewe. Ndiyo maana kwa miaka mingi mtu wa Dodoma aliyetaka kwenda pwani alikata tiketi ya treni, na wazee wa mji huu bado wanakupangia safari kwa majina ya stesheni: Igandu, Gulwe, Kidete, Kilosa.

## Iliyokuwa ikienda Cairo

Barabara inayopita mbele ya nyumba ya Mjomba, hata hivyo, haikuzaliwa na reli. Hiyo inaikata reli, ikitoka kusini kwenda kaskazini, na nasaba yake ni ya vita. Mwaka 1916 jeshi la Waingereza na Makaburu chini ya Jenerali van Deventer lilishuka kutoka upande wa Arusha, likaiteka Kondoa mwezi Aprili, likakwama huko kwa mvua, njaa na magonjwa, kisha likaingia Dodoma mwezi Julai. Ukiichora safari hiyo kwenye ramani ya leo, utakuta umeichora barabara yetu.

Baada ya vita, katika miaka ya 1920 na 1930, mkoloni aliiunga na vipande vingine kuwa Barabara Kuu ya Kaskazini: Tunduma, Mbeya, Iringa, Dodoma, Kondoa, Babati, Arusha, Namanga. Ilikuwa sehemu ya ndoto ya kwenda kwa gari kutoka Cape hadi Cairo bila kutoka kwenye himaya, au karibu hivyo. Katika Vita Kuu ya Pili misafara ya magari ya jeshi la Afrika Kusini iliitumia kwenda Kenya kupigana na Waitalia.

Nilipokuwa shule ya msingi nililipenda sana jambo hili. Nilikaa kando ya barabara ya vumbi nikiwaambia wenzangu kwamba ukiifuata tu, bila kupinda, utafika kwenye piramidi. Babu, baba yake Mjomba, aliyewahi kubeba kifusi kwenye barabara hiyo ujanani kwa sababu hakuwa na fedha ya kodi, alinisikia siku moja akacheka mpaka akakohoa. Aliniuliza Cairo kunalimwa nini. Sikujua. Akasema hata yeye hakujua, na kwamba katika siku zote alizobeba kifusi hakuna aliyemwambia.

Nimelikumbuka swali lake mara nyingi mwezi huu. Kwa kuwa Kiswahili chetu kinaruhusu, mtu akibadilisha mkazo tu “barabára” inakuwa “barábara”, sawasawa, kama inavyopaswa. Babu alikuwa akiijenga ya kwanza bila kupewa sababu ya kuamini ya pili.

## Zambia ilipotuacha

Historia ya barabara kuu za Tanzania husimuliwa kama kidogo kilichoendelea kuongezeka: wakati wa Uhuru tulikuwa na kilomita elfu moja na mia kadhaa za lami, leo tunahesabu maelfu juu ya maelfu, na barabara kuu na za mikoa zinazosimamiwa na TANROADS, wakala wa barabara wa serikali, zinapita kilomita 36,000. Masimulizi hayo ni ya kweli. Yanachoficha ni mpangilio, yaani nani alitangulia kupata na kwa ajili ya nani.

Mwezi Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru, na Zambia, ambayo shaba yake na mafuta yake vilipitia kusini, ikajikuta imefungiwa mlango. Malori yakaelekezwa Dar es Salaam kwa njia ya vumbi na tope ambayo madereva waliifananisha na jehanamu. Kilichofuata ni moja ya juhudi kubwa kabisa za ujenzi katika historia yetu: bomba la mafuta la TAZAMA mwaka 1968, barabara ya TANZAM iliyowekwa lami kupitia Morogoro, Iringa na Mbeya hadi Tunduma, na reli ya TAZARA, kilomita 1,860, iliyojengwa kwa msaada wa China kuanzia 1970 hadi 1975.

Sina neno baya kuhusu uamuzi huo. Tuliwasaidia ndugu, na kusini mwa Afrika kuna watu walio huru kwa sababu ya malori hayo. Nasema tu kwamba ndiyo siku ambayo Barabara Kuu ya Kaskazini ilikatika kiuno. Kutoka Iringa uzito wote wa nchi uligeukia mashariki, kuelekea bandarini, na kipande cha Iringa, Dodoma, Kondoa hadi Babati kikabaki kwenye changarawe kwa zaidi ya miaka 40. Hatukuwa tumefanya kosa lolote. Wapitaji walikuwa wamebadilisha safari.

Hata uamuzi wa TANU wa mwaka 1973 wa kuhamishia Makao Makuu Dodoma haukutufikia sisi wa upande wa kaskazini. Lami ilikuja mjini kutoka Morogoro, ikijengwa na kampuni ya Brazil kwa mkopo wa Brazil wa mwishoni mwa miaka ya 1970, na marehemu baba alikuwa akisema kwamba siku aliyopanda basi Dodoma na kushuka Dar es Salaam siku hiyo hiyo, akiwa msafi, hakuna aliyemwamini. Mwaka 2013 Brazil ilitangaza kusamehe madeni ya nchi 12 za Afrika, yetu ikiwa miongoni mwake. Barabara ile ilikuwa imekwisha kuzibwa viraka visivyohesabika kabla deni lake halijafutwa.

## Mahame

Nilirudi kwa Mjomba wiki ya nne nikiwa na daftari limejaa, tayari kumthibitishia kwamba nilikuwa sahihi. Alinisikiliza hadi mwisho kwa adabu ya mtu anayesubiri chai ipoe. Kisha akachukua fimbo yake akasema twende.

Tulitembea saa moja na nusu kuelekea magharibi, kwa njia ya ng'ombe isiyo kwenye orodha ya mtu yeyote, tukashuka korongo la mchanga mkavu, tukapanda upande wa pili, na kufika kwenye mbuyu ambao chini yake kulikuwa na jiwe la kusagia, limelika katikati kama kitanda cha zamani. Pembeni kulikuwa na mwinuko wa udongo, mrefu na wa pembe nne. Ndiyo tembe aliyozaliwa yeye na mama yangu.

Walihamishwa hapo mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika Operesheni Dodoma, na kupelekwa kando ya barabara. Sababu zilizotolewa zinajulikana kwa kila mwenye wazee: shule, zahanati, bomba la maji, na lori la serikali liweze kuwafikia watu mahali pamoja. Kijiji kilipimwa kwa mstari, na mstari wenyewe ulikuwa barabara. Babu alionyeshwa kiwanja na mtu mwenye karatasi mkononi. Sheria ya barabara ya wakati huo ilikuwa ile ya mkoloni ya mwaka 1932, na hakuna anayekumbuka mtu yeyote akitaja hifadhi ya barabara siku ile. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipokuja kuitoa hifadhi hiyo mita 22.5 na kuifikisha mita 30 kila upande kutoka katikati, watoto wa waliopangwa kwa mstari wakajikuta wakitafuta kamba.

Nilisimama pale chini ya mbuyu nikiona hoja yangu ikigeuka mbele ya macho yangu. Sisi ndio tulioikuta barabara, kwa kupelekwa. Nikasema basi hilo ni jambo zito zaidi, kwamba mtu aletwe na serikali mahali kisha aambiwe amevamia. Nilikuwa nimekwisha kuanza kuandika sentensi hiyo kichwani, na ilikuwa sentensi nzuri.

“Lakini Mjomba,” akasema, “hakuna aliyetufunga.”

Akanieleza jambo ambalo mama hakuwahi kunieleza. Operesheni ilipolegea, familia kadhaa zilirudi kwenye mahame yao kimyakimya, na hakuna aliyezifuata. Babu alirudi pia, akapanda mtama msimu mmoja, akalala chini ya mbuyu huo huo. Kisha akarudi barabarani kwa miguu yake mwenyewe. Alisema huku kimya kimezidi. Kule barabarani lori la chumvi lilikuwa linapita, dereva alisimama kunywa maji na kueleza bei ya ng'ombe Kondoa, na vijana walipata kazi ya kusukuma magari yaliyonasa wakati wa masika. Mjomba mwenyewe alinunua baiskeli yake ya kwanza kwa fedha ya kusukuma magari.

Kwa hiyo kwa mara ya kwanza tulipelekwa, na kwa mara ya pili tulikwenda wenyewe.

Sina jina la kisheria la watu wa namna hiyo. Si wavamizi, na si waliovamiwa. Naona wanafanana zaidi na watemi wale wa visima kuliko nilivyokuwa tayari kukubali: wamekaa mahali mpitaji anapolazimika kupita, wakitumaini kwamba atakuwa na kiu. Tofauti ni kwamba kisima kilikuwa cha mtemi. Barabara si ya Mjomba.

## Hawasimami

Lami ilifika mwishowe. Mwezi Aprili 2018 Rais Magufuli alizindua barabara ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, iliyogharamiwa kwa sehemu kubwa na mikopo ya Benki ya Maendeleo ya Afrika na JICA ya Japani, na ile Barabara Kuu ya Kaskazini ikaungika kwa lami baada ya takriban karne. Siku hizo niliandika humu kwa furaha na sijutii. Masika sasa si likizo ya lazima, na mgonjwa wa Kondoa anafika hospitali ya mjini angali anaweza kusema anaumwa wapi.

Ila nilipokaa barazani kwa Mjomba mchana mmoja mzima, nilihesabu magari yaliyosimama. Yalikuwa mawili: bodaboda iliyokwisha mafuta, na lori la vitunguu ambalo utingo wake alishuka kufunga turubai. Mengine yote yalipita kwa kasi iliyowafanya mbuzi waelimike. Hakuna anayenasa, hivyo hakuna anayesukumwa. Maji dereva amenunua mjini, na bei ya ng'ombe iko kwenye simu yake. Kibanda cha mke wa Mjomba, kilichokuwa kikiuza chai na vitumbua wakati wa vumbi, sasa kinahifadhi kuku.

Kusini kidogo, pale Veyula, barabara hii inakutana na ile ya mzunguko ya jiji, kilomita 112.3, ambayo ujenzi wake ulizinduliwa mwaka 2022 ili malori ya Rwanda, Burundi na Kongo yaizunguke Dodoma bila kuingia ndani. Tangu katikati ya 2024 treni ya umeme nayo inawachukua abiria wa Dar es Salaam. Kwa karne nzima barabara zilitungwa ili watu wapite hapa. Sasa zinatungwa ili waweze kupita bila kutugusa. Nimejaribu kukasirika juu ya hilo nikashindwa, maana mimi ni mmoja wa wanaolalamikia foleni ya malori mjini, na niliposafiri kwenda Babati mwezi uliopita nilipita mbele ya nyumba ya Mjomba usiku bila kusimama.

Jumapili iliyopita nilikwenda kumwambia kwamba sina jibu. Nilimkuta uwanjani na fundi, wamechimba msingi mpya nyuma ya nyumba ya zamani, na kamba ya katani imelala kando yake. Nilihesabu mafundo hadi yalipokwisha, nikaongeza kwa hatua: mita 36, labda 37. Nikamsifu kwamba safari hii hakuna rangi itakayomfikia, kisha nikamuuliza mlango utaangalia wapi, kwa sababu upande wa magharibi kuna kivuli na upepo, na kwa mbali unaweza kuuona mbuyu.

“Barabarani,” akasema, akishangaa kwamba nauliza. “Nitajuaje nani anapita?”